Picha ya Mama Mkwe na Kadi Iliyogoma

Jumapili, 2 Februari

Kazi imekwisha. Saa tatu nzima kwa picha moja! Lakini imekwisha, na ndiyo picha bora zaidi niliyopiga tangu nifungue Studio ya Okoth hapa Jericho. Mgongo unauma kana kwamba nimebeba saruji.

Niandike mambo yalivyokuwa. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miaka sita sasa anaona watu kama vivuli. Alhamisi hii anafanyiwa upasuaji, jicho la kulia kwanza. Akatoa sharti. Hatalala juu ya kitanda cha daktari kabla picha yake haijatundikwa ukutani, nyumbani kwake Kaloleni. Ni picha ya kuwekwa mbele ya jeneza, alisema, mambo yakiharibika. Na hataki kukaa peke yake kwenye hiyo picha. Anataka kukaa na kaka yake, Sylvance, kwa sababu hawajawahi kupigwa picha pamoja hata mara moja tangu wazaliwe. Sylvance akaja kwa basi kutoka Ugenya, suti ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko.

Sasa, mimi ni mkwe. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe na hamkazii macho. Anakaa kiti cha karibu na mlango na kuzungumza na ukuta. Mpiga picha atafanyaje kazi hapo? Nilisimama mlangoni na kamera, mke wangu Apondi akasimama katikati. Ninamwambia Apondi amwambie mama ainue kidevu. Apondi anamwambia. Mama anauliza kiinuliwe hadi wapi. Apondi ananiuliza mimi. Ninajibu nikiwa nimeangalia kalenda. Picha sitini na nne kwa mtindo huo.

Shemeji yangu Odera, anayekaa mtaa wa Fedha na kufanya kazi mahali ambapo watu huvaa kitambulisho shingoni hata wakienda kula, alitoa simu yake mpya akitaka naye apige. Nilimkataza. Nikaamuru simu zote ziingie mifukoni. Mzee akiona lenzi mbili, macho yake hayajui yaangalie wapi. Tena picha ya mambo mazito haipigwi kwa simu. Odera akacheka kwa pua. Kicheko hicho nakijua, amenicheka nacho miaka kumi na minne. Nikataka kumwonyesha papo hapo kwenye televisheni ya mama. Nikachomoa kadi ya picha kwenye kamera haraka, taa nyekundu ya kuhifadhi ikiwa bado inamemeteka. Televisheni haikuonyesha kitu. Nikawaambia ni ya zamani.

Kesho nachapisha, kesho kutwa naweka kwenye fremu. Odera atameza kicheko chake.

Jumatatu, 3 Februari

Si televisheni.

Nimeweka kadi kwenye kompyuta ya studio. Kompyuta inasema haiwezi kuisoma. Nimeitoa, nimeipuliza, nimeirudisha. Haiwezi kuisoma. Nimeenda saiba ya jirani, penye kompyuta za kukodi, nikajaribu tano. Ya tano ilizimika kabisa na mwenye saiba akaniomba nitoke.

Nimeipangusa kwa spiriti. Nimeisugua kwa kifutio cha penseli. Nimeianika juu ya bati la kibanda dakika kumi na tano, nikasimama kando yake kama mtu anayelinda mahindi. Watu walipita wakiniangalia. Kadi sasa ina joto jingi na bado haisomeki.

Nilimpigia Sylvance kumuuliza kama anaweza kurudi kidogo. Akauliza kidogo namna gani, yuko Kericho tayari. Akasema mgongo wake umebakiza nguvu za kumfikisha nyumbani tu, na nyumbani penyewe pana kilima.

Odera naye akanipigia mara mbili. Picha iko wapi. Nikamwambia rangi inakauka. Akauliza tangu lini picha za kamera za siku hizi zinakaushwa. Nikamwambia haelewi kazi hii na nikakata simu.

Apondi sijamwambia. Wakati wa chakula aliuliza mbona sili omena. Nikasingizia jino. Akasema mama yake ameuliza picha mara nne leo. Akakumbusha, bila mimi kumuuliza, kwamba Alhamisi ikipotea nafasi nyingine ni Juni, na daktari alishasema jicho likiachwa hadi hapo kupasuliwa kwake kutakuwa kugumu. Kisha akaniletea mafuta ya karafuu nipake jino zima lisilo na kasoro. Nimepaka. Mdomo wote umekufa ganzi.

Jumanne, 4 Februari

Eastleigh, kwa Qorane. Huyu ni fundi wa simu na kompyuta, kibanda chake kiko chini ya ngazi, na huvaa kioo cha kukuzia kwenye paji la uso hata akinywa chai. Alishika kadi kwa ncha za vidole akaitazama muda mrefu.

“Haijakufa hii,” alisema. “Imezirai tu. Picha ziko ndani. Lakini usiirudishe kwa kamera, boss. Ukipiga picha zingine, zinakalia zile za kwanza. Zikikaliwa, hata mimi siwezi.”

Akasema nimwachie hadi Alhamisi, ana foleni. Nimwachie! Mafundi nawajua. Kadi inaingia kwenye droo yenye kadi mia, na unarudishiwa harusi ya watu wa Garissa. Nikasema nitaileta mwenyewe Alhamisi. Akarudia habari ya kamera mara tatu, polepole, kama anayemtuma mtoto dukani. Niliudhika. Nimepiga picha miaka kumi na tisa.

Nikarudi Jericho nikakuta mwalimu amesimama nje ya studio na wanafunzi ishirini na wawili. Picha za pasipoti, za usajili wa mtihani, zinahitajika leo leo. Ng'ambo ya barabara mshindani wangu Matheka alikuwa amesimama mlangoni pa studio yake mpya, yenye taa mbili na zulia jekundu, akiwatabasamia watoto wangu. Nina kadi moja tu duniani. Ningefanya nini?

Nikafikiri kama mtu mzima. Qorane amesema picha mpya zinakalia za zamani. Sawa. Lakini Qorane ni mtu wa simu. Hakuuliza ni picha za ukubwa gani. Ya mama mkwe ni kubwa, ya kuwekwa ukutani. Pasipoti ni ndogo kama stempu! Ishirini na mbili zote zinaenea kwenye kiganja. Zitakaa pembeni huko na hazitamgusa mtu.

Kamera ilipoona kadi ikauliza kama iifute ianze upya. Nikakubali ili itulie. Watoto wote wametoka vizuri, isipokuwa mmoja aliyepiga chafya. Matheka aliingia ndani akafunga mlango. Siku haikuwa mbaya.

Jumatano, 5 Februari

Siku mbaya.

Nimemwambia Apondi. Sikuwa na njia, fremu inatakiwa leo jioni. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja shati langu moja mpaka likawa dogo kama leso. Kisha akauliza nina mpango gani, na akasema nisimwambie kwamba televisheni ni ya zamani.

Mpango ninao. Kila studio ina sanduku la picha zisizochukuliwa. Watu wanakuja wamependeza, wanapigwa, wanaondoka, hawaonekani tena. Mimi nina masanduku mawili. Nikatoa ya Mzee Gichuru na mkewe Warigia, watu wa mtaa wa Harambee, waliyopigwa miaka miwili iliyopita wakasahau. Wazee wawili kwenye viti viwili, mwanamume na mwanamke, wameangalia mbele. Mama mkwe anaona vivuli. Vivuli ni hivi hapa.

Apondi akauliza hawa ni akina nani na wanatafuta nini kwenye fremu ya mama yake. Nikamweleza ni wa muda tu, kushikilia nafasi. Alhamisi mama anapasuliwa, Ijumaa asubuhi plasta inatolewa, na kabla ya hapo Qorane atakuwa amenipa picha halisi na mimi nimebadilisha. Mwishowe akasema jicho kwanza. Mengine tutajibu mbele ya Mungu, na mimi ndiye nitakayeanza kujibu.

Tukaenda Kaloleni saa kumi. Nikapiga msumari sebuleni, juu ya televisheni. Mama akasogea karibu, akapitisha vidole juu ya kioo. Akasema anawaona. Huyu ni yeye, huyu ni Sylvance. Halafu akauliza mbona Sylvance ana kofia.

Kofia! Miaka miwili picha ile iko kwenye sanduku langu na sikuwahi kuiona kofia ya Gichuru. Nikajibu, nikiongea na msumari, kwamba aliivaa mwisho mwisho. Mama akasema Sylvance hajawahi kupenda kofia tangu shule ya msingi. Nikasema safari hii alijitahidi.

“Amejitahidi kwa ajili yangu,” mama akasema, na akabaki ameweka kiganja juu ya kioo. Nilijisikia vibaya sana. Nilitaka kusema kila kitu hapo hapo. Nilifungua mdomo hata.

Wakaingia akina mama sita wa kanisani kwake kuja kumwombea. Wote macho mazima. Kiongozi wao, Mama Kavindu, ana miwani juu ya hayo macho mazima. Aliangalia ukutani. Warigia ni wa kanisa lile la ng'ambo ya barabara na kwenye picha amefunga kitambaa chao cha bluu, na akina mama wa kanisa la mama mkwe hufunga cheupe. Kavindu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akafungua kinywa. Apondi akaanzisha wimbo.

Ukaimbwa wote. Kavindu akafungua kinywa, Apondi akaanzisha mwingine. Nyimbo tano! Mama mkwe alipiga makofi akasema hajapata kuombewa kwa nguvu namna hii. Sauti ya Apondi ilikuwa imekatika kufika wa nne na bado akaimba. Sijawahi kumpenda mke wangu kama saa ile. Nilimwambia hivyo njiani. Akaniomba nitembee nyuma yake.

Alhamisi, 6 Februari

Hospitali ya macho, tangu saa moja asubuhi. Odera alifika akiwa na tai, akauliza kama picha imetundikwa. Nikasema imetundikwa. Ni kweli.

Mama alikuwa mtulivu kuliko sisi sote. Alimshika Apondi mkono akampa maagizo kama mtu anayeacha ufunguo kwa jirani. Picha iwekwe mbele, upande wa kichwa. Isizungushiwe utepe mweusi, unamzeesha. Sylvance akae karibu nayo ili watu waone wanafanana. Odera aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kwa mara ya kwanza sikuwa na neno baya juu yake.

Wakamwingiza ndani. Nikaketi kwenye benchi nikapata wazo ambalo sikulitaka. Mama huyu akifa leo, mbele ya jeneza lake atakaa mke wa Gichuru. Ukoo mzima utatoka Ugenya kuja kumlilia Warigia. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimeshika kamera. Nimeogopa kweli leo. Nimeomba bila kuchagua maneno.

Katikati ya maombi simu ikalia. Mzee Gichuru! Miaka miwili kimya, na leo amekumbuka. Jumamosi yeye na Warigia wanatimiza miaka arobaini ya ndoa, watoto wanakuja, anataka picha yake. Nikamwambia iko Industrial Area inawekewa kioo. Akauliza ni kioo gani hicho kinachowekwa miaka miwili. Nikamwambia kizuri.

Saa sita mama akatoka. Ameketi kwenye kiti cha magurudumu, plasta nyeupe jichoni, anaomba chai. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, muuguzi akaniambia ninyamaze. Wamemlaza siku moja kwa sababu ya umri. Plasta inatolewa kesho saa tatu.

Nikakimbia Eastleigh. Qorane akaweka kadi kwenye mashine yake. Akaangalia. Akauliza hawa watoto ni wa nani.

Nikasema walipita tu.

Akashusha kioo chake cha kukuzia kutoka kwenye paji, jambo ambalo sijawahi kuona akilifanya. “Boss,” akasema, “hawa wote wamemkalia yule mzee, shosho wako.” Nikamweleza kuhusu pasipoti kuwa ndogo. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakubishana. Aliita fundi wa kibanda cha pili akaniomba nirudie mbele yake. Kisha akasema mashine itachimbua mpaka asubuhi, na nisitarajie makubwa.

Ijumaa, 7 Februari

Saa mbili kamili nilikuwa chini ya ngazi kwa Qorane. Mashine imechimbua vipande sitini na vinane. Watoto ishirini na wawili, wazima wote, hata yule wa chafya. Vingine ni mistari na rangi za ajabu. Katika zile sitini na nne za mama mkwe imefunguka moja.

Moja! Na si moja, ni nusu. Juu ni safi, kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu. Na ilivyo mikosi yangu, si ile yenye kidevu. Ni ile ambayo Sylvance alimnong'oneza kitu nikiwa sijawa tayari, naye akamgeukia akicheka, kinywa wazi, pengo la mbele nje. Picha ambayo ningeifuta bila kufikiri. Nikauliza nyingine ziko wapi. Qorane akanionyesha watoto. Akasema hii kadi niitupe leo, tena mbali.

Nikaichapisha kibanda cha jirani, nikaitia kwenye bahasha, nikapanda bodaboda. Kufika Kaloleni ni saa tatu na robo. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba hospitalini watachelewa, maana hospitali huchelewa. Leo hawakuchelewa. Leo daktari alianza kazi saa moja! Gari la Odera lilikuwa mlangoni, injini ingali moto.

Nikaingia. Mama alikuwa amesimama mbele ya picha. Jicho la kulia wazi, jekundu kidogo, linafanya kazi. Odera yuko kando yake, amekunja mikono. Apondi yuko mlango wa jikoni. Nilimwangalia kwa matumaini. Hakuanzisha wimbo wowote.

Mama akauliza, bila kugeuka, huyu mwanamke ni nani.

Odera akanigeukia.

Akauliza na huyu baba mwenye kofia ni nani, na kwa nini anamkalia mahali pa kaka yake. Kisha akaniita kwa jina la mtoto wetu. “Baba Whitney.” Nikaitika nikiangalia kalenda. Akasema, “Leo acha kalenda. Niangalie mimi.”

Miaka kumi na minne sijamwangalia mama mkwe usoni. Nikamwangalia. Ni uso wa Apondi, ila umekaushwa. Nikasema yote. Taa nyekundu, spiriti, bati, Qorane. Nilipofika kwenye pasipoti kuwa ndogo, Odera alicheka mpaka akaketi chini, tai yake ikaingia kwenye chai.

Mama hakucheka. Akauliza, “Kwa hivyo jana nimeingia kwa daktari bila picha?”

Nikasema ndiyo, Mama.

“Na sikufa.”

Nikasema hapana, Mama, hukufa.

Akanyoosha mkono. Nikaiweka bahasha juu ya stuli, kwa heshima, akaichukua mwenyewe akaenda nayo dirishani. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu kijivu. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu pengo. Hakuuliza lolote kati ya hayo.

“Sylvance amezeeka hivi,” akasema, “na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia.”

Miaka sita amekuwa akisikia sauti ya kaka yake na kumvika uso ule wa zamani. Jumapili yote alikaa bega kwa bega na Sylvance wa miaka sita iliyopita, mtu ambaye hayupo tena. Akaketi, akaanza kulia kwa jicho lile lile jipya. Odera akapiga kelele kwamba daktari amekataza. Apondi akaja na pamba akampangusa chini ya jicho, naye analia. Mimi nilisimama tu. Hakuna aliyeniambia nikae wala nitoke.

Alipomaliza akatoa amri. Watu wa watu watolewe ukutani warudishwe kwao. Hii iwekwe pale. Nikamwambia Mama, nusu ya chini ni kijivu. Akasema nusu ya chini haina faida, ni magoti tu na yanamuuma. Na daktari akimruhusu, anakwenda Ugenya kumwona Sylvance kwa jicho hili moja. La pili litangoja. Nami nitafuatana nao, na kamera, kwa sababu amesema kazi yangu haijaisha.

Nikasema asante, Mama, nikiangalia mlango. Odera akaniuliza kama nina ndugu mwenye simu atakayepiga badala yangu.

Jumamosi, 8 Februari

Mzee Gichuru amekuja na Warigia kuchukua picha. Nimefuta alama za vidole vya mama mkwe kwenye kioo lakini msumari umeacha mkwaruzo. Nikasema ni mtindo wa Industrial Area.

Warigia hakuangalia mkwaruzo. Aliniangalia mimi. Akasema amekutana na Mama Kavindu sokoni Burma kwenye foleni ya nyama, na Kavindu amemweleza kwamba Jumatano akina mama sita walisimama mbele ya picha yake huko Kaloleni na kuimba nyimbo tano. Akataka kujua kisa.

Nikasema ni huduma ya studio. Wateja wanaochelewa kuchukua picha tunawaombea.

Warigia akaguswa sana. Mgongo wake umeacha kumsumbua tangu Jumatano hiyo hiyo, akasema, na alikuwa anajiuliza sababu. Akanishika mikono yote miwili. Gichuru akavua kofia. Wakauliza kama wanaweza kuacha picha wiki moja zaidi, kwa ajili ya goti la mzee. Nikasema sanduku limejaa.

Matheka alikuwa anatuangalia kutoka ng'ambo. Yeye hana huduma kama hii.

Jumapili, 9 Februari

Safari imepangwa. Jumamosi tarehe ishirini na mbili, gari la Odera, mama mbele, mimi na Apondi nyuma. Apondi ameanza kuongea nami tena, kwa habari za chumvi na maji tu.

Odera alikuja baada ya kanisa akaniletea kadi mpya, ndani ya karatasi yake. Nimeirudisha. Nikamwambia nina yangu. Ni dharau, mtu kukununulia vifaa vya kazi mbele ya mke wako. Tena kadi yangu nimeijaribu leo mchana. Nimempiga picha jirani akianua nguo, imeonekana bila shida. Imezirai mara moja, imeamka, sasa imekomaa. Ile mpya nani anajua tabia yake?

Lakini mimi si mtu wa kurudia makosa. Nimekaa mchana wote nikapitia wiki hii, jambo kwa jambo, nikaona mahali nilipokosea. Niliharakisha. Jumatano nilifungua sanduku nikachukua wazee wa kwanza walionijia mkononi, bila kuangalia kofia, bila kuangalia kitambaa. Mtu makini hujiandaa mapema. Na safari hii mama ana jicho moja zima, kwa hivyo lazima wafanane kweli.

Nimemwaga masanduku yote mawili kitandani. Mzee wa akiba nimempata, wa mwaka 2019, kichwa wazi, suti ya kijivu, na masikio ni yale yale ya Sylvance. Nimemweka kando chini ya godoro. Bado natafuta mama.